Nyambizi Iliyosahaulika Mwilini: Uchambuzi wa Riwaya Iliyorekebisha Filamu Yake

Kisa na mipaka yake

Riwaya inayoandikwa kutokana na skripti ya filamu haina heshima kubwa mbele ya wahakiki. Huagizwa na mchapishaji, huandikwa mbiombio, hubandikwa picha za waigizaji jaladani, na filamu ikishaondoka kwenye kumbi za sinema, nayo huishia kwenye mafungu ya vitabu vya mtumba. Kisa kinachochambuliwa hapa ni kimojawapo kati ya vichache ambamo bidhaa hiyo ya pembeni ilitoka imara kuliko filamu iliyoizaa, na uimara wenyewe unaweza kuonyeshwa kwa kidole, kwa sababu unatokana na pengo moja ambalo filamu iliacha wazi na riwaya ikaliziba.

Filamu inaitwa Fantastic Voyage. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya 20th Century Fox, ikaongozwa na Richard Fleischer na kuonyeshwa mwaka 1966. Mwandishi wa riwaya ni Isaac Asimov. Hayo ni mambo ya kumbukumbu ya umma na uchambuzi usingeeleweka bila kuyataja. Watu wengine waliohusika, yaani mhariri aliyepeleka ombi na mtoto aliyeuliza swali ambalo watu wazima hawakuliuliza, wanatajwa kwa nafasi zao tu; majina yao yameachwa kwa kuwa kisa kinajitosheleza bila hayo.

Usuli

Skripti inasimulia hivi. Kambi mbili za Vita Baridi zimegundua namna ya kupunguza ukubwa wa watu na vitu, lakini kila kilichopunguzwa hurudia ukubwa wake wa awali baada ya dakika 60. Mwanasayansi mmoja, Jan Benes, ndiye anayejua jinsi ya kuuvuka mpaka huo. Anatoroshwa kutoka upande wa pili, msafara wake unashambuliwa njiani, naye anapata bonge la damu ndani ya ubongo, mahali ambapo kisu cha mpasuaji hakiwezi kufika kwa kutokea nje. Inaamuliwa kwamba nyambizi iitwayo Proteus ipunguzwe pamoja na watu watano ndani yake, iingizwe mwilini kwa sindano kupitia ateri ya shingo, na bonge lile lichomwe kwa leza kutokea ndani. Watano hao ni Grant, mtu wa usalama asiyejua sayansi, nahodha Owens, daktari Michaels, mpasuaji Duval, na msaidizi wake Cora Peterson. Mmoja wao ni msaliti.

Safari haifuati ramani. Njia isiyo ya kawaida inayounganisha ateri na vena inawavuta hadi upande mwingine wa mzunguko wa damu, kwa hiyo inawabidi wapite ndani ya moyo, ambao madaktari walioko nje wanausimamisha kwa sekunde 60 ilhali nyambizi inahitaji 57. Hewa inapungua, wanaitafuta kwenye mapafu. Wanapita kwenye sikio la ndani, ambako mkasi unaodondoka chumba cha upasuaji unawafikia kama tetemeko la ardhi. Hatimaye wanafika kwenye ubongo, bonge linachomwa, Michaels anabainika kuwa ndiye msaliti, nyambizi inaharibika, na seli nyeupe ya damu inaimeza pamoja naye. Wanne waliosalia wanaogelea kuufuata mshipa wa fahamu wa jicho hadi nje, na daktari anawachukua kwenye kioo kidogo wakiwa ndani ya tone la chozi. Wanarudia ukubwa wao, watu wanapongezana, filamu inaisha.

Na nyambizi je? Skripti imetuambia tangu mwanzo kwamba kila kilichopunguzwa kitarudi kuwa kikubwa, na mbio zote tulizotazama zilitokana na hofu ya sheria hiyo. Watu wanne wametoka, lakini chombo chenye ukubwa wa gari la abiria, pamoja na mwili wa Michaels, vimeachwa kichwani mwa mgonjwa. Kumezwa na seli nyeupe hakubadilishi jambo, kwa maana seli ikikitafuna chuma hicho hadi kikawa unga, unga wenyewe nao ni wa chuma kilichopunguzwa na utakua vilevile. Dakika moja baada ya furaha ile, kichwa cha Benes kingepasuka.

Kuhusu mwandishi, inatosha kujua mambo mawili. Asimov alikuwa na shahada ya uzamivu katika kemia kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, na tangu mwaka 1949 alikuwa mwalimu wa biokemia katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Boston, ingawa kufikia mwaka 1958 alikuwa ameacha kufundisha ili aandike muda wote. Zaidi ya hayo, kabla ya kuletewa skripti alikuwa ameshaandika vitabu vya kuwaelimisha wasomaji wa kawaida kuhusu damu, kuhusu mwili wa binadamu (1963) na kuhusu ubongo (1964). Kwa maneno mengine, ile njia ambayo Proteus ingepita alikuwa ameipita mara tatu kwa kalamu yake.

Mfuatano wa matukio

Kampuni ya uchapishaji ya Bantam Books ilinunua haki ya kutoa riwaya kutokana na skripti, na mhariri wake akamwendea Asimov. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Skripti ilikuwa na mashimo, na yeye aliamini kwamba kumpunguza mtu hadi ukubwa wa kijidudu ni jambo lisilowezekana kabisa kifizikia. Hata hivyo, aliona kwamba hadithi yenyewe inasimulika, na mazungumzo yalipoendelea alikubali kwa sharti kwamba aruhusiwe kurekebisha mashimo aliyoyaona. Sharti lilikubaliwa.

Aliandika upesi kama ilivyokuwa desturi yake, ilhali filamu ilikuwa na kazi ndefu ya kujenga mandhari za ndani ya mwili na kutengeneza picha za kiufundi. Matokeo yake ni kwamba mpangilio wa kawaida uligeuka. Riwaya ilitoka mwezi Machi 1966 ikiwa na jalada gumu, kupitia kampuni ya Houghton Mifflin, na filamu ikafuata mwezi Agosti. Watu wengi walioona kitabu kwanza dukani waliamini kwamba filamu imetokana na kitabu, na imani hiyo potofu haijaisha hadi leo.

Filamu ilipotoka, Asimov alikwenda kuitazama pamoja na binti yake wa miaka 11. Ilipokwisha, mtoto akamuuliza baba yake kama ile meli haitakua sasa na kumuua yule mtu. Asimov alisimulia baadaye kwamba alimjibu ndiyo, na kumtania kwamba ameliona hilo kwa sababu ana akili kuliko mtengenezaji wa filamu wa Hollywood. Kwani, alimwambia, si tayari ana miaka 11?

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanyika kabla ya kuandikwa sentensi hata moja, nao ndio uliobeba mingine yote: mwandishi alidai haki ya kubadilisha. Riwaya nyingi za aina hii hubaki kuwa skripti iliyoongezewa vivumishi kwa sababu aliyeajiriwa kuziandika hana ruhusa ya kugusa tukio, na anayeogopa kupoteza kazi hawezi kuiomba. Asimov alikuwa na nafasi ya kusema hapana na akaisema, na ni hapana hiyo iliyompa nguvu ya kuweka sharti. Mwandishi asiye na jina kama lake angepata ugumu mkubwa zaidi, na hilo lisifichwe tunapofundisha kutokana na kisa hiki.

Uamuzi wa pili ulihusu nyambizi yenyewe. Zilikuwepo njia nyingi nyepesi. Angeweza kuipa nyambizi kifaa cha kujilipua. Angeweza kusema seli nyeupe ina kemikali inayoangamiza kila kitu. Angeweza pia kuiongezea sheria ya dakika 60 kifungu kipya kinachokiachia chuma. Hakufanya lolote kati ya hayo. Katika riwaya, wanne waliobaki wanatambua wenyewe kwamba hawawezi kuondoka na kuliacha gofu lile nyuma, nao wanaichokoza seli nyeupe ili iwafuate. Wanaogelea mbele, seli inawaandama nyuma ikiwa na mabaki ya Proteus tumboni, na vyote vinatokea jichoni pamoja. Nyambizi inakua ikiwa nje ya mwili wa mgonjwa, juu ya sakafu ya chumba.

Ni vyema kutazama kwa karibu kwa nini suluhisho hili linakubalika. Seli nyeupe haikuletwa ili kutatua tatizo. Ilikuwamo tangu skripti ya kwanza kama adui na kama mdomo uliommeza msaliti. Msomaji ameshaiona, ameshaiogopa, na anajua kwamba kazi yake ni kumwandama mgeni. Mwandishi hakuongeza kitu, alikitaka tu kitu kilichopo kiendelee kufanya kazi yake ya kawaida. Biolojia nayo inamuunga mkono, maana seli nyeupe halisi hufuata nyayo za kemikali za mvamizi, hupenya kuta za mishipa midogo ya damu na kutoka nje yake, na huonekana hata kwenye machozi. Tishio lile lile lililowakimbiza mashujaa linageuzwa kuwa punda wa kubeba mzigo. Zaidi ya hayo, sura ya mwisho ya safari inapata kazi ya kufanya. Katika filamu, mwendo wa kuelekea kwenye jicho ni kukimbia tu. Katika riwaya watu wanne waliochoka wanapaswa kukimbia kwa kipimo, wasikamatwe na wasimpoteze anayewakimbiza.

Maji ya sindano alishughulika nayo kwa mstari mfupi. Filamu inaonyesha nyambizi ikiwekwa ndani ya silinda kubwa ya kioo iliyojaa maji ya chumvi, kisha silinda yote inapunguzwa na kuwa bomba la sindano. Maji hayo yamepunguzwa, basi yatakua. Riwaya inawafanya wahudumu waingize kiasi kidogo mno cha maji hayo mwilini, ili yatakapokua yasilete madhara makubwa. Tatizo halikuhitaji zaidi ya hapo, na hakulipa zaidi.

Hewa ilikuwa ngumu zaidi. Kwenye filamu, wasafiri wanaingiza bomba kwenye kifuko cha pafu na kujaza tangi lao, na tukio linapita kwa mvuto mkubwa. Lakini tufanye hesabu. Tuseme mtu wa mita 1.8 amepunguzwa hadi urefu wa maikromita 1, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya mita, yaani amekuwa mdogo mara milioni 1.8. Molekuli ya oksijeni ina upana wa takriban nanomita 0.3, na nanomita ni sehemu moja ya elfu ya maikromita. Kwa kipimo cha mtu huyo, molekuli moja ya hewa ya kawaida ingeonekana kuwa na upana unaozidi kidogo nusu milimita, sawa na chenga ya mchele iliyobaki kwenye ungo. Mapafu yake yaliyopunguzwa hayawezi kuifyonza chenga hiyo, na chembe zake nyekundu za damu, ambazo nazo zimepunguzwa, hazina pa kuibebea. Asimov aliliona hilo, akaweka ndani ya nyambizi mashine ndogo ya kupunguza, ili hewa inayovutwa kutoka kwenye mapafu ipunguzwe kabla ya kuvutwa na binadamu. Hapa aliongeza kifaa, tofauti na alivyofanya kwenye nyambizi, na mtu makini anahisi tofauti hiyo: mashine inakubalika kwa sababu ni ndogo na inatokana na teknolojia ile ile, lakini haina utamu wa seli nyeupe.

Uamuzi wa mwisho unaostahili kuelezwa ulihusu jambo ambalo filamu iliamua kulipita, nalo ni jinsi kupunguza kunavyofanyika. Riwaya inamweka Grant kuwa muulizaji, na wataalamu wanamwondolea njia moja baada ya nyingine. Kuzisogeza atomu karibu hakufai, kwa sababu mtu wa kilo 80 angebaki na kilo zake 80 ndani ya ncha ya sindano. Kuziondoa baadhi ya atomu hakufai pia. Kwa kipimo tulichotumia hapo juu, mwili mzima ungebaki na atomu zipatazo bilioni moja tu, ilhali ubongo pekee una seli za neva zipatazo bilioni 86. Hakuna hata atomu moja kwa kila seli, sembuse akili. Kinachobaki ni kuzipunguza atomu zenyewe, na hapo mwandishi anaomba msaada wa anga nyingine iliyo nje ya vipimo vyetu, jambo ambalo ni la kubuni tupu. Hakudanganya kwamba ni sayansi ya kweli. Alichofanya ni kuzifunga njia mbili ambazo msomaji mwerevu angezifikiria, kisha akamwomba akubali ya tatu.

Matokeo

Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya usanifu wa mandhari na moja ya picha za kiufundi, na zote mbili ilizistahili. Riwaya iliuzwa sana, ikaendelea kuchapishwa miaka mingi baada ya filamu kuwa ya kumbukumbu. Kwa upande wa mantiki, msomaji anayefika mwisho hana deni analodai, wakati mtazamaji makini anatoka ukumbini akiwa na swali la mtoto wa miaka 11.

Mwandishi mwenyewe hakuridhika. Alieleza baadaye kwamba hakuwahi kukihesabu kitabu kile kuwa chake kikamilifu, na mwaka 1987 alitoa kitabu kingine, Fantastic Voyage II: Destination Brain. Licha ya namba iliyo kwenye jina, si mwendelezo. Ni safari nyingine ndani ya ubongo, yenye wahusika wengine na namna nyingine ya kueleza kupunguza, iliyojengwa juu ya kubadilisha kigezo cha msingi cha fizikia kinachojulikana kwa jina la Planck.

Uchambuzi: yaliyofaa

Watu wengi wakiulizwa kwa nini riwaya inaweza kuizidi filamu hujibu kwamba kitabu kinaingia ndani ya mawazo ya wahusika. Katika kisa hiki jibu hilo halisaidii. Mawazo ya Grant ni mepesi katika riwaya kama yalivyo katika filamu, na Owens hana sura zaidi ya kofia yake ya unahodha. Kilichoiinua riwaya ni kwamba mwandishi aliichukua sheria ya skripti kwa uzito kuliko walioitunga. Dakika 60 ziliwekwa na waandishi wa filamu ili kuleta wasiwasi, na wasiwasi ulipokwisha wakaziacha. Asimov aliziona kuwa ni sheria ya ulimwengu ule, inayokifunga chuma na maji sawasawa na inavyowafunga mashujaa, na inayomfunga mwandishi pia.

Sababu nyingine inatokana na chombo chenyewe. Filamu humwendesha mtazamaji kwa mwendo wake, na katika dakika ambayo angeuliza kuhusu nyambizi, muziki unapanda na waigizaji wanakua mbele ya macho yake. Kitabu hakina uwezo huo. Msomaji huweka kidole kwenye mstari, huinua kichwa, hunywa chai, na swali humjia akiwa na kikombe mkononi. Ukurasa ni hakimu mkali zaidi kwa sababu unatoa muda wa kufikiri, na mwandishi anayelijua hilo hulazimika kuziba mapengo ambayo mwongozaji angeyafunika kwa mwanga na sauti. Aliyewahi kutazama sinema ya kutafsiriwa kwenye kibanda umiza atakuwa ameona jambo la karibu na hili: mkalimani hodari, picha inapoacha pengo, huongeza sentensi yake mwenyewe inayoeleza kwa nini jambazi hakupiga risasi mapema, na ukumbi unatulia. Naye anaandika riwaya ya filamu, ila anaiandika kwa mdomo na papo hapo.

Ya tatu ni utaalamu, ingawa nasita kuupa uzito mkubwa. Ni kweli kwamba mwalimu wa biokemia alijua seli nyeupe inafanya nini na molekuli ina ukubwa gani. Lakini pengo kubwa kuliko yote halikuhitaji shahada yoyote, mtoto aliliona. Utaalamu ulimsaidia kupata suluhisho zuri. Kuliona tatizo kulihitaji tu mtu anayekumbuka alichoambiwa nusu saa iliyopita.

Uchambuzi: yaliyokwama

Marekebisho ya nyambizi yaliziba shimo la mantiki na kuacha wazi shimo la vipimo. Seli nyeupe halisi hutambaa kwa mwendo wa takriban maikromita kumi hadi ishirini kwa dakika. Kutoka ndani ya ubongo hadi kwenye jicho ni sentimita kadhaa, na sentimita moja tu ni maikromita 10,000; kwa mwendo huo seli ingehitaji zaidi ya saa nane kuimaliza, wakati wasafiri wana dakika chache. Kwa haki, kosa la mwendo lilikuwamo tangu kwenye skripti, kwa kuwa hata waogeleaji wenye urefu wa maikromita moja wangehitaji kupiga mbizi makumi ya maelfu ya urefu wa miili yao katika dakika hizo hizo. Mwandishi hakuweza kulirekebisha bila kuibomoa hadithi yote, na nadhani alifanya sawa kuliacha. Kuna makosa ambayo msomaji huyasamehe kwa sababu yanahusu kiasi, na kuna ambayo hayasamehe kwa sababu yanavunja ahadi aliyopewa. Nyambizi ilikuwa katika kundi la pili.

Maelezo marefu yana gharama. Mjadala kuhusu atomu unakuja kabla safari haijaanza, na msomaji aliyevutiwa na jalada lenye mishipa na mawimbi mekundu anaweza kukifunga kitabu hapo. Filamu nayo inachelewa kuingia mwilini, lakini inachelewa ikiwa na milango mizito, taa, na magari madogo yanayopita kwenye korido ndefu. Macho yana cha kula. Na pindi nyambizi inapoingia kwenye damu, hakuna sentensi ya Asimov inayoshindana na picha za Fleischer. Riwaya inaeleza rangi, filamu inaimwaga. Anayedai kwamba kitabu ni bora kwa kila kipengele hajaitazama filamu ikiwa kwenye pazia kubwa.

Cora Peterson ndiye aliyeponzwa zaidi na riwaya. Katika filamu anaigizwa na Raquel Welch, na ingawa kamera inamtazama kwa namna ambayo leo ingelalamikiwa, anapewa nafasi ya kufanya kazi, kuikagua leza na kuingia hatarini pamoja na wengine. Riwaya inampa fursa ya kuzungumza zaidi, kisha inazitumia nyingi ya fursa hizo kumfanya ajibu utani wa mapenzi wa Grant. Ruhusa ya kubadilisha skripti ilikuwepo. Mwandishi aliitumia kwa ajili ya chuma, maji na hewa. Hakuona haja ya kuitumia kwa mwanamke pekee aliyekuwamo chomboni.

Inabaki swali la kutoridhika kwake. Ukikisoma kitabu cha mwaka 1987 baada ya kile cha 1966, unakuta mwandishi aliyepata kila alichokuwa amekidai. Fizikia ni yake, wahusika ni wake, mazungumzo yanakwenda kwa mapana anayotaka, na hakuna skripti ya mtu mwingine inayombana. Kitabu ni kirefu zaidi na kina hoja nyingi zaidi, lakini mkono wa saa hausikiki kama ulivyosikika mwanzoni. Zile dakika 60 alizopewa na watu wa Hollywood, ambazo wao wenyewe walizisahau kwenye dakika ya mwisho, ndizo zilizomlazimisha mwaka 1966 kuitafuta seli nyeupe na kuifanya imfuate Grant hadi jichoni.